Fungua Maji Kwanza: Tuliyojifunza Katika Kurudisha Hori na Wangwa Pemba

Upande wa magharibi wa Pemba umekatikakatika kwa ghuba na hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, na karibu kila hori lina mahali ambapo mikoko imekwisha na pamebaki wangwa mtupu, uwanda wa pwani usio na mti. Udongo ni mgumu, una ukoko wa chumvi, visiki vimekuwa vyeusi. Mara nyingi katikati yake utaona pia mistari iliyonyooka ya vijiti vikavu. Hizo ni mbegu za mkoko zilizopandwa na watu wa shehia kwa moyo mweupe, mamia kwa siku moja, zikafa zote kabla ya mwaka kwisha.

Vijiti hivyo hata sisi tumevipanda. Ilituchukua misimu kadhaa kukubali jambo ambalo wavuvi wazee walikuwa wakilisema tangu mwanzo: pale palipokuwa na mikoko zamani, na miti yenye mbegu ipo jirani, ikiwa mikoko hairudi yenyewe basi kinachokosekana si miche. Kuna kitu kinaizuia, na mara nyingi kitu hicho ni maji. Ama hayafiki, ama yanafika yakakwama.

Bahari ndiyo mpandaji mkubwa. Kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inabeba mbegu na kuzisambaza bure, mahali panapofaa kila aina. Kazi ya kamati ni kuondoa kizuizi. Kwa hiyo kabla ya kuagiza vifuko vya kitalu, kaeni na watu wanaojua hori lilivyokuwa, muwaulize kila kitu kilichobadilika. Kuna njia ya mawe iliyokatiza hori bila kuachiwa pa kupita maji? Kuna tuta lililojengwa kuzuia maji chumvi yasiingie kwenye mpunga? Kuna viwanja vya chumvi vilivyoachwa, kingo zake bado zimesimama? Mchanga umeziba mdomo? Pengine miti ilikatwa kwa makaa, boriti au tanuri la chokaa, kisha jua likaupiga udongo hadi ukakauka na kujaa chumvi. Kila sababu ina dawa yake, na miche si dawa ya hata moja kati ya hizo.

Kupima kunafuata, na hapa ndipo kamati nyingi huruka. Tofauti ya sentimita 10 au 20 tu za kimo cha ardhi inatosha kubadilisha mti unaoweza kuishi hapo. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hufika karibu mita 4, lakini siku za maji mafu bahari haipandi hata ikaugusa wangwa wa juu. Sehemu ya chini inazama mara mbili kila siku, ya juu inaweza kukaa wiki nzima bila tone. Ndiyo maana katika aina za mikoko, mlilana husimama mbele kabisa kukabili bahari, mkoko wenyewe, wenye mizizi inayotanda juu kama miguu, hufuata, kisha msinzi na mkandaa, na juu karibu na nchi kavu husimama mchu. Mchu una ukaidi wake, mahali pengine utaukuta pia mbele pamoja na mlilana.

Kifaa cha kupimia ni kile kile cha mafundi wa kujenga: mpira mwembamba unaoonesha ndani, wa mita 15 au 20, uliojazwa maji. Kila ncha inafungwa kwenye fito iliyochorwa sentimita. Mtu mmoja anasimama kwenye msitu hai ulio karibu zaidi katika hori hilo hilo, mwingine kwenye wangwa. Maji yakitulia, kila mmoja anasoma kimo cha maji kutoka ardhini, na tofauti ya namba mbili hizo ndiyo tofauti ya ardhi. Kama mpira haufiki, mnahama hatua kwa hatua mkijumlisha. Kiputo kimoja cha hewa ndani ya mpira kinaharibu kipimo chote, kwa hiyo uangalieni kwenye mwanga kabla ya kila usomaji. Katika msitu hai andikeni kimo cha chini na cha juu kabisa cha kila aina ya mti. Vimo hivyo ndivyo vitakavyowaambia mti gani wa kutarajia wapi kwenye wangwa, na wapi msitarajie kitu.

Kujua maji yanapanda kiasi gani pasipo mtu kukesha pwani, tunatumia fito ya mita moja na nusu yenye vikopo vidogo vilivyofungwa kila baada ya sentimita 5, kuanzia chini. Maji yakishapwa, kikopo cha juu kabisa kilichojaa kinaonesha bahari ilifika wapi. Mvua ikinyesha usiku usomaji huo mwutupe, maana vyote vitakuwa vimejaa. Kwa chumvi, chimbeni shimo la sentimita 30, msubiri maji yatoke kwenye udongo, kisha mpime kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, kama mnaweza kuazima. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Yakiwa maradufu ya hapo, hata mchu, ambao ndio unaostahimili zaidi, hudumaa, na mkoko usijaribu kabisa.

Sasa kuchimba. Tafuteni kwanza mfereji wa zamani, kwa sababu maji yana kumbukumbu. Huonekana kama mstari wa tope jeusi zaidi, au mahali ambapo ardhi imezama kidogo, na wazee huweza kuutembea kwa miguu bila kuuona. Ufuateni ulivyokuwa umepinda. Mfereji ulionyooka unakwenda mbio, unakula kingo, kisha unashusha mchanga wote mdomoni. Tunaanza mdomoni kwa upana wa mita 1 hadi 1.5 na kina cha sentimita 50 au 60, na kadiri tunavyopanda juu tunaupunguza hadi kwenye matawi ya mwisho kuwa na upana wa sentimita 30 na kina cha 20. Kingo zilale, zisisimame wima. Sakafu ishuke kuelekea baharini bila shimo hata moja njiani, na hilo linapimwa kwa mpira ule ule, si kwa macho. Dimbwi likibaki, maji yake yanapata moto mchana, chumvi inazidi, na kila mche uliomo unakufa. Wangwa wenye madimbwi ni mbaya kuliko wangwa mkavu.

Tope linalotoka ndilo linaloharibu kazi za watu wengi. Likirundikwa kandokando ya mfereji linakuwa tuta jipya, na mmefunga maji kwa mkono mwingine. Litandazeni jembamba, lisizidi sentimita 5, au libebwe kwa ndoo na pakacha hadi nchi kavu. Wala msilitupe chini ya michu iliyo hai: vile vijiti vinavyochomoza kwenye tope ni pua zake, na ukivifukia mti mzima unakufa taratibu, mwaka unaofuata mnabaki mkiulizana ugonjwa umetoka wapi.

Tunakadiria mtu mmoja mzima huchimba mita za ujazo 2 kwa siku kwenye tope, si zaidi. Mfereji wenye upana wa mita 1 juu na kina cha nusu mita, ukiwa na kingo zilizolala, unatoa takriban mita za ujazo 0.4 kwa kila mita ya urefu. Kwa hiyo mita 100 ni siku 20 za mtu mmoja, au siku mbili za watu kumi. Siku zichaguliwe kwa mwezi. Wangwa wa juu uchimbwe wakati wa maji mafu, maana unabaki mkavu mchana kutwa. Mdomo uchimbwe wakati wa bamvua, ambapo maji hupwa kwenye saa 4 asubuhi na kurudi kujaa kwenye saa 10 jioni. Lakini kumbukeni kwamba saa hizo za kupwa kwa bamvua ndizo saa za wanawake kuokota chaza na kombe na kuhudumia mwani. Mkiita kazi ya kujitolea wakati huo mmewanyima mboga ya siku, na msishangae wasipokuja.

Kuna jambo la makumbi pia. Akina mama wengi hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la wangwa, miezi kadhaa, hadi yalainike wapate usumba wa kusokota kamba. Mashimo hayo yana wenyewe, na kila mmoja analijua lake. Mfereji ukipita juu yake unafukua mali ya mtu, na ugomvi wake hauishi kwenye kikao. Kabla ya kuweka vigingi vya mfereji tunatembea na wenye makumbi, nao wanaonesha. Mara nyingi kupinda mita tatu tu kunatosha, na mfereji uliopinda, kama tulivyosema, ndio mzuri.

Penye njia iliyokatiza hori, kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia, ndiyo dawa, ila iwekwe chini. Tumeona mabomba yaliyokaa sentimita 40 juu ya sakafu ya mfereji. Maji ya kujaa yanaingia, ya kupwa hayatoki, na nyuma yake kunakuwa bwawa. Chini ya bomba kuwe sawa na sakafu ya mfereji au chini yake kidogo. Mabomba mawili mapana ni bora kuliko moja, kwa sababu bomba moja jembamba linarusha maji kwa nguvu na kuchimba shimo upande wa pili hadi njia yenyewe inaanguka.

Kwenye tuta la mpunga tunakwenda polepole zaidi kuliko popote. Pemba mabonde mengi ya mpunga yamekwisha kuguswa na maji chumvi, na mkulima aliyepoteza bonde lake hataki kusikia habari ya kufungua bahari. Ana haki. Mpunga huumia zaidi na chumvi ukiwa mchanga na wakati wa kutoa maua, na usiku mmoja wa bamvua unatosha kumaliza msimu. Hatufungui chochote kilicho nyuma ya tuta. Tunapima kutoka mfereji hadi kwenye tuta pamoja na wenye mabonde, tunaweka fito ya vikopo mguuni mwa tuta, na tunasubiri wasome wenyewe bamvua mbili tatu kabla ya kuchimba. Mlango wa maji ukihitajika, uwe wa ubao unaoning'inia: maji ya mvua yanausukuma kutoka, bahari ikijaa inaufunga. Mwenye funguo ya kazi hiyo awe mkulima wa bonde la kwanza, si mwanakamati wa mbali. Na mkanda wa mikoko ukisharudi mbele ya tuta, mawimbi hayalifikii tena moja kwa moja, kwa hiyo wenye mabonde wana sababu yao wenyewe ya kuitunza.

Mfereji ukishafunguka, msipande. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mfadhili anataka picha ya watoto wa skuli wameshika miche. Subirini mwaka mzima, masika na vuli zipite, mvua ioshe chumvi na bamvua zilete mbegu. Dalili ya kwanza si mti, ni kaa. Wale wadogo wenye gando moja kubwa wakianza kutoboa matundu, hewa imeshaingia kwenye udongo. Baada ya mwaka hesabuni kwa mraba wa mita 2 kwa 2, sehemu 20 au 30 zilizotawanyika. Mkipata wastani wa mche mmoja mzima kwa kila mraba, hiyo ni miche 2,500 kwa hekta, na haihitaji mkono wa mtu.

Pakibaki pengo, hapo ndipo pa kupanda, na kwa aina iliyopimwa kimo. Mbegu ya mkoko huchumwa ikiwa imeiva, na alama yake ni ile pete ya manjano inayochomoza inapokutana na kikonyo. Isiyo na pete ni changa, itaoza. Iliyotobolewa na wadudu, hata tundu moja dogo, iacheni. Tunaziweka kivulini wiki moja hivi kabla ya kupanda, zinapungua utamu na kaa hawazikimbilii. Ncha iliyochongoka iingie kwenye tope sentimita 7 hadi 10, mbegu isimame bila kufungwa. Ukiisukuma hadi nusu inaoza, ukiishika juu juu inaondoka na bamvua ya kwanza. Mkandaa hupandwa vivyo hivyo ila mbegu yake ni fupi na nyembamba, sentimita 5 zinatosha.

Mchu hauzikwi. Mbegu yake hulowekwa usiku mmoja mpaka ganda livuke, kisha hulazwa juu ya udongo wa kitalu. Mlilana una kazi zaidi: tunda huachwa majini lioze, mbegu zake ndogo ndogo zichujwe na kutandazwa. Kitalu kiwe mahali ambapo maji ya bahari yanafika kwa saa chache tu, chini ya kivuli cha makuti, na kivuli kiondolewe mwezi mmoja kabla ya kuhamisha miche ili izoee jua. Vipakacha vidogo vya makuti vinashinda vifuko vya plastiki, kwani vinaingia ardhini pamoja na mche na kuoza humo.

Msipande chini ya usawa wa msitu hai. Kwenye tope la mbele kabisa, ambapo nyasi za bahari zimeota, nafasi ni kubwa na kuchoma mbegu ni rahisi, ndiyo maana watu hupapenda. Lakini mche hapo unazama saa nyingi mno, magamba kama yale ya mkuku wa mashua yanauganda shina zima, unalemewa na kulala. Tena mmeharibu nyasi ambazo ni malisho ya samaki na makao ya kombe wanaookotwa na akina mama. Upande wa juu adui ni ng'ombe, anayependa sana majani ya mchu. Tunakubaliana na wenye mifugo kufunga eneo kwa miaka miwili, na njia ya ng'ombe kwenda kisimani inaachwa wazi, maana bila hiyo ua utavunjwa.

Riziki iende sambamba na maji, si baadaye. Mfano tunaourudia kila kikao ni vigingi vya mwani. Kilimo hiki kilianza Zanzibar 1989, na mwanamke mwenye kamba 50 anahitaji vigingi 100. Wanawake mia moja ni vigingi 10,000, na vingi hukatwa kwenye mikandaa michanga, kisha wadudu wa baharini huvitoboa vikahitaji kubadilishwa. Idadi hiyo ni sawa na miche ya hekta nzima iliyopandwa mita 1 kwa 1. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia hifadhi tunapanda mivinje kwenye ardhi ya juu kwa ajili ya vigingi, fito na kuni, na tunaianza mwaka ule ule wa kuchimba mfereji. Kumkataza mtu kigingi bila kumpa kingine ni kumfundisha kukata usiku.

Ufugaji wa kaa koko, wale kaa wakubwa wa kwenye mikoko, huvutia wengi. Unaofanya kazi ni unenepeshaji: kaa aliyejivua gamba karibuni ni mwepesi, hana nyama, na bei yake ni ndogo, lakini akilishwa wiki mbili hadi nne anajaa. Kila mmoja awe na chumba chake, la sivyo watalana. Alishwe jioni, kwa uzito wa asilimia 5 hadi 10 ya mwili wake, vichwa na matumbo ya samaki, na mabaki yatolewe asubuhi kabla hayajaoza. Vizimba visijengwe kwa fito za mikoko. Jike mwenye mayai na kaa mchanga warudishwe. Tunalisema hili kwa uzito: kaa hawa wote wametoka porini, na shehia yenye vizimba vingi kupita kiasi inalimaliza hori lake.

Mizinga ya nyuki ni rahisi zaidi, nao ni walinzi wazuri, maana mwenye shoka hapendi kusogea. Iningʼinizwe kwa waya juu ya alama ya bamvua kubwa, waya zipakwe grisi kuzuia sisimizi, na pawe na maji matamu karibu. Kufunga mwamba miezi mitatu, pasivuliwe pweza, nako kunalipa haraka, kwa sababu pweza hukua upesi, ilimradi siku ya kufungua iwe na utaratibu wa nani anaingia na nani ananunua.

Kuhusu sheria, msichimbe wala kukata kwa idhini ya kikao peke yake. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, inaruhusu jamii kuingia mkataba wa kusimamia msitu wao. Na hori nyingi za magharibi ziko ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba iliyotangazwa 2005, kwa hiyo sheha, kamati ya wavuvi na wasimamizi wa hifadhi wote wawe na nakala ya ramani yenu. Hori likigawanywa na shehia mbili, kamati iwe moja. Maji hayajui mpaka.

Na malipo: kazi ya kuchimba ilipwe kwa mita, lakini upandaji usilipwe kamwe kwa idadi ya miche. Mtu anayelipwa kwa mche atapanda pale penye tope laini, sentimita 30 baina ya mche na mche. Lipeni kwa miche iliyo hai baada ya miezi 12, na anayehesabu asiwe aliyepanda.

Bamvua kubwa za mwaka huja Machi na Septemba. Siku hizo tunarudi na fito ya vikopo na mpira, tunausoma mdomo wa mfereji baada ya kusi kuuletea mchanga, tunatembea hadi matawi ya mwisho maji yakiwa yanapwa. Mahali ambapo maji yamesimama wakati mengine yote yameondoka, panachomwa kigingi, na beleshi huanza hapo hapo kabla bahari haijarudi saa 10.